Tulipima

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanaujua utaratibu. Nikirudisha mtihani, kila aliyekosa anaandika swali upya na jibu lililo sahihi kwenye daftari la masahihisho, kisha monita anakusanya na kuniletea. Jumatano moja ya mwezi Juni nilikuwa ofisini nakagua madaftari hayo, kitenge mabegani kwa sababu ya baridi, napiga tiki bila kusoma sana. Swali la saba nililiweka ili kila mtoto aondoke na alama mbili mkononi: maji safi huchemka kwenye nyuzi ngapi?

Daftari moja likanisimamisha. Kijana alikuwa ameandika 94 kwenye mtihani, nikampa kosa. Kwenye masahihisho ameandika tena 94, kwa mwandiko uliotulia, na chini yake neno moja la Kiswahili katika daftari ambalo lote limeandikwa Kiingereza.

Tulipima.

Nimekaa na neno hilo wiki sita. Lilinikuta nimeshajaza nusu ya fomu ya kuomba masta, na kwa siku nyingi fomu ile ilibaki juu ya kabati, imefunikwa na ratiba ya zamu.

## Themomita tatu

Kijana hakusema uongo. Wiki chache kabla ya mtihani niliwapeleka maabara. Ni moja ya zile zilizojengwa wakati wa kampeni ya maabara tatu kwa kila sekondari ya kata. Meza zipo, masinki yapo, maji tunachota nje. Siku hiyo nilikuwa na majiko mawili ya mchina, sufuria tatu na themomita tatu nzima, kwa wanafunzi 71.

Kundi la kwanza likasoma 94. La pili 94. La tatu wakasema 95, wakabishana, wakainama tena macho yakiwa sawa na mstari kama nilivyowafundisha, wakashuka hadi 94 na kidogo. Yule kijana akanyoosha mkono.

"Madamu, mbona ya kwetu imegoma hapa? Moto upo, maji yanatokota, ila haipandi."

Kengele ilikuwa karibu. Nikamjibu kwamba themomita zetu ni za siku nyingi, andikeni 100.

Wakaandika 100, wote isipokuwa yeye.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Nina shahada ya ualimu, Fizikia na Hisabati. Ukiniamsha usiku wa manane nitakueleza kwamba maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyoyalalia. Najua pia kwamba Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, na maji hayana haja ya kufika 100. Mambo haya mawili yameishi kichwani mwangu miaka tisa bila kukutana hata mara moja, na siku mtoto alipoyakutanisha mbele yangu kwa jiko la mchina, nikamwambia kifaa ni kibovu.

Usiku ule nilitoa daftari nikakaa na mlinganyo wa Clausius na Clapeyron, ule unaounganisha mgandamizo na joto la kuchemka, ambao niliufanyia mtihani chuoni na sikuwahi kuugusa tena. Mgandamizo wa hewa kwa kimo chetu ni kama kilopaskali 82.5, pwani ni 101.3. Joto fiche la kugeuza maji kuwa mvuke, kilojuli 40.7 kwa moli. Logarithimu, kugawanya, kutoa 273 ili kurudi kwenye nyuzi.

Likatoka 94.3.

## Mkwawa

Nimesoma Mkwawa, Iringa. Nyinyi mnaofundisha fizikia mtajua ninakokwenda, kwa hiyo sitasimulia yote. Kabla pale hapajawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005, palikuwa sekondari, na ndipo mwanafunzi Erasto Mpemba alipolifikisha swali alilolibeba tangu sekondari ya Magamba mwaka 1963, la aiskrimu ya moto kuganda kabla ya ile iliyopoa. Mwalimu wake wa fizikia akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu.

Kila mwaka nimeisimulia habari hiyo darasani. Kila mwaka darasa limemcheka yule mwalimu, na mimi nimecheka nao.

Mwaka huu nilishindwa kuisimulia.

Mwalimu yule alikuwa na ratiba kama yangu, pengine. Alikuwa anafundisha kanuni ya Newton ya kupoa, mada yake ameipanga, na mtoto anamletea jambo lisilomo. Sina tena ujasiri wa kumcheka. Ninayemfikiria siku hizi ni Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Mpemba alisimama akamwuliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo vinavyofanana, ukiyaweka kwenye friji yale ya 100 yanaganda kwanza, kwa nini? Wenzake waliona aibu. Osborne akakiri kwamba hajui, akaahidi kujaribu akirudi Dar.

Akajaribu kweli. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka lipatikane jibu sahihi. Nikifika hapo kwenye habari hii huwa naliona daftari la masahihisho. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao kwenye jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, na wanafizikia bado wanabishana kama jambo lenyewe lipo au halipo.

Osborne alijua fizikia nyingi kuliko mwalimu wa Mkwawa, hilo halina ubishi. Ila swali lile hakulijibu kwa wingi wa fizikia yake, maana naye alikuwa hajui. Alikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye fomu bila kukipatia jina.

## Masta ya kuondokea

Nilianza kuulizia masta nikiwa na miaka minne kazini. Karibu kila niliyemwambia alirudisha swali lile lile.

"Ukimaliza, utakwenda wapi?"

Hakuna aliyeniuliza nitarudi na nini.

Siwalaumu, wameona. Shuleni kwetu tulikuwa na kaka mmoja wa hisabati, fundi hasa, yule ambaye watoto wa mkondo wa sanaa walikuwa wanabaki jioni kwa hiari yao kumsikiliza. Alikwenda kusoma miaka miwili. Aliporudi tulimfanyia sherehe ndogo, soda na keki, na kabla muhula haujaisha akawa ameitwa ofisini, cheo kizuri, anastahili. Kidato cha nne wakakaa bila mwalimu wa hesabu hadi tulipompata kijana wa kujitolea. Wote tunajua Basic Mathematics ilivyo nchi hii. Mwaka 2021 na 2022 waliofaulu somo hilo katika mtihani wa kidato cha nne hawakufika robo ya watahiniwa. Na bado tukimpata mwalimu anayeiweza, zawadi tunayompa kwa kusoma zaidi ni kumtoa chaki mkononi.

Kwa mtu wa Mbeya njia zipo. Unaweza kwenda kukaa Dar es Salaam au Dodoma, au ukasoma ukiwa kazini kupitia Chuo Kikuu Huria, ambacho kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye majukumu kama sisi na kina kituo hapa hapa Mbeya. Nilikusanya maelezo ya kozi, nikayatandaza mezani. Katika yale niliyoyashika yaligawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni fizikia tupu au hisabati tupu: mekanika ya kwanta, aljebra dhahania, nadharia za sumakuumeme. Fungu la pili ni elimu: uongozi, mipango, mitaala, tathmini. La kwanza halina mtoto ndani yake, na la pili halina maji yanayochemka.

Ada nitapita haraka. Bado nakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo wa shahada ya kwanza, na mwenye mshahara wa mwalimu anajua kinachobaki. Nimeweka akiba kidogo kidogo kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani. Inatosha kuanza.

## Adui wa adui

Huenda mnasema, kwani masta ya nini? Mlinganyo wa Clausius ulikuwa kwenye shahada ya kwanza. Ungetumia ulichonacho.

Swali hili lilinisumbua kuliko ada. Mwenzangu wa kemia aliniuliza hivyo hivyo tukiwa tunangoja daladala Mafiati, na sikuwa na jibu hadi tulipofika Uyole.

Nitatoa mfano wa hisabati. Kidato cha kwanza tunafundisha kwamba hasi mara hasi ni chanya. Mimi, kama wengi, nilikuwa nawaambia adui wa adui yako ni rafiki yako. Wanacheka, wanakumbuka, tunaendelea. Mwaka jana binti mmoja wa dawati la mbele akauliza: "Sasa Madamu, hasi jumlisha hasi, mbona hao maadui hawapatani?" Nikamwambia hiyo ni kanuni nyingine. Kumbe jibu lilikuwa mistari mitatu. Chukua −1 uizidishe na (1 + −1). Mabano ni sifuri, kwa hiyo jibu lote ni sifuri. Fungua mabano: −1 mara 1 ni −1, ukijumlisha (−1)(−1). Ili jumla iwe sifuri, (−1)(−1) haina namna ila kuwa 1. Binti yule angeelewa. Nilifundishwa jambo hilo mwaka wa tatu, kwenye kozi ya aljebra, likiwa limevaa majina makubwa kiasi kwamba sikulitambua nilipokutana nalo likiwa na sare ya shule.

Mjerumani Felix Klein, mwanahisabati wa Göttingen, aliliona hili mapema katika mihadhara yake kwa walimu, mwaka 1908. Alieleza kwamba mwalimu hukatika mara mbili. Akiingia chuo kikuu, hisabati anayoikuta haina uhusiano na ile ya shule, kwa hiyo anaisahau ya shule. Akirudi shule kufundisha, ya chuo haimsaidii, kwa hiyo anaisahau nayo na kufundisha kama alivyofundishwa yeye. Niliposoma maelezo hayo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na mtu wa Göttingen amenieleza mimi wa Mbeya.

Kwa hiyo nikampata mwenzangu wa kemia siku ya pili nikamjibu. Nina vipindi 28 kwa wiki. Nina madaftari 142 ya kidato cha pili peke yake. Kati ya kengele na kengele hakuna nafasi ya kuunganisha kilichokatika, na hakuna anayenidai niunganishe. Ninachotaka ni miaka miwili ya kukaa na swali ambalo jibu lake haliko nyuma ya kitabu, mbele ya msimamizi atakayeniuliza kila ninapoandika sentensi: umejuaje? Sijawahi kuulizwa hivyo na mkubwa wangu yeyote wa masomo. Nimeulizwa na mtoto wa miaka kumi na minne, kwa neno moja, na nikampa kosa.

Mwenzangu alinyamaza, kisha akasema, "Basi nenda. Ila urudi, dada."

## Themomita kwenye mkoba

Likizo fupi nilishuka Kyela, kwenye arobaini ya mjomba. Nilibeba themomita moja, nimeifunga kwenye soksi, ndani ya mkoba kati ya vitenge. Tukiwa njiani nilishuka Tukuyu kwa mama. Nilipomwambia nataka kuchemsha maji niyapime joto, hakuuliza kwa nini. Alisogeza sufuria ya maharage pembeni akanipisha mafiga.

Ikasimama karibu na 95.

Nikamweleza mama habari ya kijana, na hewa, na kimo. Alisikiliza huku akichochea kuni.

"Mimi nilipoolewa kutoka Kyela kuja huku juu," akasema, "mwaka wa kwanza niliona aibu. Mama mkwe anapita, maharage bado. Kule kwetu kuni tatu yameiva. Huku kuni zinaisha, hayajaiva. Nikadhani kuni za huku ni mbovu. Baadaye nikazoea kuyaloweka usiku."

"Mama, hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza, mwanangu. Wewe ulikuwa unasoma."

Nilikaa kwenye kigoda muda mrefu. Amenilea na jambo hilo likichemka jikoni kila siku, na mimi nimetoka nyumbani, nimesoma Mkwawa, nimerudi na cheti, sijawahi kuliona. Naye alisingizia kuni kama mimi nilivyosingizia themomita. Tofauti ni kwamba yeye aliendelea kutafuta hadi akapata la kufanya.

Kyela, nje ya nyumba ya msiba, asubuhi kabla watu hawajajaa, shangazi alinishikia tochi ya simu. Mahali pale hapafiki mita 500 kutoka usawa wa bahari, kando ya Ziwa Nyasa. Maji yalianza kutokota themomita ikiwa bado inapanda. Ikapita 95. Ikapita 97. Ikatulia kwenye 98 na kidogo.

Hesabu yangu ya daftarini ilikuwa imesema 98.3. Shangazi alinitazama akauliza kama ninalia kwa ajili ya mjomba. Nikamwambia ndiyo, na ilikuwa kweli kwa sehemu.

## Barua

Shule zilipofunguliwa nilianza na kidato cha pili. Nikaandika ubaoni: Mbeya 94, Tukuyu 95, Kyela 98. Nikawaambia kwamba siku ya maabara niliwapotosha, themomita zilikuwa nzima, na aliyeandika 94 alikuwa sahihi. Nikamwita kijana mbele, nikafuta kosa kwenye mtihani wake, nikamwekea alama zake mbili na kuzibadilisha kwenye rejista wakiona. Nikawaeleza pia kwamba mtihani wa taifa ukisema kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, jibu ni 100, na maneno hayo "mgandamizo wa kawaida" ndiyo yanayobeba swali lote. Mimi niliyaacha nilipotunga swali la saba.

Siku hiyo hiyo jioni niliishusha fomu kutoka juu ya kabati. Nimeomba fizikia, na nitatafuta msimamizi atakayekubali utafiti wangu ukae darasani: wanafunzi wa nyanda za juu wanapima nini, na walimu wao wanaandika nini ubaoni. Anaweza kukataa. Nitamwuliza mwingine.

Kisha nikaandika barua kwa mkurugenzi, K.K. Mkuu wa Shule, YAH: OMBI LA RUHUSA YA MASOMO. Mkuu wetu ni mtu mwema, aliisoma akiwa amesimama. Akaweka kidole kwenye aya ya pili.

"Mwalimu, hapa ungeandika kujiendeleza kitaaluma. Inatosha. Hii ya kwamba utarudi darasani kufundisha kidato cha pili, hakuna aliyekuomba uiahidi."

Nikamwomba aiache kama ilivyo. Alinitazama kidogo, akapiga muhuri.

Jibu halijafika. Kijana yeye hajangoja. Jana alinifuata mlangoni na swali jipya: kutoka 98 hadi 94 ni nyuzi nne tu, sasa kwa nini yule mama yangu wa Tukuyu, niliyewasimulia habari za maharage yake, amalize mzigo wa kuni? Mbona tofauti ya joto ni ndogo na tofauti ya muda ni kubwa hivyo? Nikaanza kumjibu, nikasikia sauti yangu inakimbilia kengele, nikasimama. Nikamwambia sijui vizuri.

Jumamosi tutakuwa maabara, saa tatu asubuhi. Nimenunua Mwanjelwa kilo moja ya maharage, Uyole Njano, mbegu moja yasichanganyike. Sufuria moja itachemka hadi mwisho, nyingine tutaibania kwenye nyuzi 90 kwa kupunguza utambi, na kila dakika kumi tutabonyeza punje kumi kutoka kila sufuria na kuandika ngapi zimeiva. Kijana ameomba yeye ndiye ashike themomita.